Kwa binti wa Mwanza anayekwenda Chole

"Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia Mwanza. Mwezi wa saba nina likizo ya siku nane na nimepanga kwenda Mafia peke yangu, begi mgongoni, fedha za kubana, nilale kisiwa kidogo cha Chole siku zote. Kijana mmoja wa ofisini kwetu alikwenda mwaka jana. Anasema alivuka kwa miguu kutoka Chole hadi kisiwa jirani cha Juani kuona magofu ya mji wa kale wa Kua, njia ikiwa karibu kavu, kisha wakati wa kurudi maji yakamfika kifuani, simu ikafa na nusura apoteze begi. Anaapa kwamba bahari ilibadilika ghafla. Ameniambia nikitaka kuvuka niwe natoka saa 4 asubuhi, maana ndiyo saa ya maji kutoka. Sasa naogopa. Kuogelea najua kidogo tu, kule kwa ziwani. Je, niiache safari? Na nikienda, nitaijuaje saa iliyo salama? Nimeangalia kalenda, siku ya kufika mwezi utakuwa nusu, unaelekea kukua. Natamani sana pia kuwaona papa potwe, wale papa wakubwa mno."

Marahaba, mwanangu. Safari usiiache. Ila kabla ya jambo lingine lolote, naomba tuliondoe hilo neno "ghafla" kichwani mwako, kwa sababu ndilo linalokutia hofu na ndilo lisilo kweli. Maji ya Ghuba ya Chole hayaji ghafla. Huja kwa mpango ambao kila mtoto wa Chole anaujua kabla hajaanza shule, na siku kama ile iliyompata mwenzako, kina mama waliokuwa wakichokoa pweza huwa wamekwishatoka pwani na kufika majumbani yeye angali anapiga picha.

Nimeendesha mashua katika ghuba hiyo zaidi ya miaka thelathini, na sasa kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaotembeza wageni. Watu niliowaokota juu ya mafungu ya mchanga, viatu mkononi na begi kichwani, si wachache. Karibu wote walikuwa watu wa bara, na sikuwaona kuwa wazembe. Wewe umekulia kando ya Ziwa Victoria. Ziwa hupanda kwa mvua za miaka na kushuka kwa ukame, upepo huyasukuma maji upande huu au ule, lakini jiwe uliloliona kavu asubuhi utalikuta kavu jioni. Jicho lako limezoea ufuo unaokaa mahali pake. Kwetu ufuo unatembea.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Hizo dakika 25, mara mbili kwa siku, ndizo zinazofanya maji ya leo yachelewe takriban dakika 50 kuliko ya jana. Ukilielewa hilo utaona kosa la ushauri uliopewa. Maji yanaweza kuwa yametoka kabisa saa 4 asubuhi leo, kesho ikawa karibu saa 5, keshokutwa karibu saa 6. Juma moja baadaye, saa 4 ile ile, pale alipopita kwa miguu mashua inaelea. Mwenzako hakukudanganya: alikuwa huko siku ambazo saa 4 ilikuwa sawa, akadhani ni ya kila siku.

Siku hizo ndizo tunazoziita bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja na nchi, mvuto wao unaungana, na bahari inajaa sana na kupwa sana. Bamvua hushika nguvu siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa kamili. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi unakwenda pande tofauti na kupunguzana: hapo tuna maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Upande huu wa pwani, bamvua huwa na tabia ambayo wazee wameitumia tangu hakuna saa za mkononi: maji hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na kutoka karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maji mafu yanageuza mambo, asubuhi ya saa 4 au 5 ndiyo maji yamejaa, jioni ndiyo yametoka. Kwa hiyo mtu anayejua ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu tayari anajua nusu ya habari za bahari. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, bamvua. Tarehe 8 na 9, 22 na 23, maji mafu. Nusu iliyobaki utaipata kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa, lipo kwenye intaneti. Tafuta la Mafia au la Zanzibar, nakili saa za siku zako zote nane kwenye karatasi, maana simu ndiyo ya kwanza kulowa.

Sasa tuje kwenye kifua cha mwenzako. Watu wengi wanafikiri maji hupanda kwa mwendo mmoja kama ndoo chini ya bomba. Siyo. Kupanda huchukua takriban saa sita, na saa hizo hazilingani. Chukua siku ya bamvua ambapo tofauti ya maji kupwa na kujaa ni mita 3, jambo la kawaida kwetu. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 25 tu. Saa ya pili, sentimita 50. Saa ya tatu na ya nne, sentimita 75 kila moja. Kisha yanapunguza mwendo, 50, halafu 25, mpaka yasimame. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, lakini inatosha kukuonyesha mtego: saa ya kwanza inakutuliza. Unatazama, unaona kama hakuna kitu. Mwisho wa saa ya tatu umepata mita moja na nusu juu ya pale ulipokuwa umekanyaga mchanga, na mita moja na nusu humpita mtu mzima kifua.

Na maji hayo hayaji kutoka unakotazama. Mgeni husimama juu ya fungu akiangalia bahari kubwa, akingoja aone mawimbi yakija. Maji hupitia kwanza kwenye mikono ya chini, vile vijito vilivyo kati ya mafungu na mikoko, ambavyo ulivivuka nusu saa nyuma kwa kuruka. Yanajaa nyuma yako. Ukitaka kuyaona yakianza, inama. Matobo ya kaa yanatoa mapovu madogo. Nyayo zako, ambazo muda mfupi uliopita zilikuwa na maji machache yaliyotulia, zinajaa kutoka chini bila wimbi lolote kuzigusa. Majani ya baharini yaliyokuwa yamelala yote kuelekea nje yanasimama, yanasita, halafu yanalala kuelekea ndani. Nimewahi kumwonyesha kijana mmoja majani hayo, akaniambia, "Mzee, mbona hayo ni majani tu?" Dakika ishirini baadaye tulikuwa tunavuka maji ya magoti, naye ameshika mkono wangu.

Hivyo naweza kukisia mwenzako alikosea wapi, ingawa sikuwapo. Aliambiwa maji yanatoka saa 4, akaanza kuvuka saa 4. Saa ambayo maji yamekwisha kupwa kabisa si saa ya kuanza safari, ni saa ambayo muda wako umebaki nusu. Watu wa Chole wenye mashamba Juani huvuka kwa miguu siku nyingi, lakini huingia maji yakiwa bado yanatoka, wakakubali kulowa magoti, ili wapate nafasi mbele yao. Yeye alivuka pakavu, akatembea hadi Kua, na Kua si mahali pa dakika kumi. Ule ulikuwa mji mkubwa, una misikiti na makaburi na nyumba iliyobaki kuta ndefu, mpaka ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mtu mwenye macho hukaa pale saa mbili bila kujua. Akarudi saa ya tatu ya maji kujaa, ile ya sentimita 75.

Ushauri wangu kuhusu Juani ni huu: usiende kwa miguu bila mwenyeji, hata ukiwa na jedwali. Jedwali linakupa saa na kimo, halikuonyeshi mkono wa maji uliochimbika msimu uliopita wala tope linalomeza mguu hadi gotini. Mtafute mwenyeji, mkubaliane bei mapema, na umwulize maneno haya haya: "Maji yanageuka saa ngapi, na sisi tutakuwa wapi yakigeuka?" Mtu anayejua kazi yake atakujibu bila kufikiri. Akikuambia "usijali," tafuta mwingine. Njia ninayoipenda mimi ni kwenda kwa miguu na maji yanayotoka, ukaitazame Kua kwa raha, kisha nahodha aje kukuchukua na mashua maji yakijaa. Inagharimu zaidi, ndiyo. Ukipata wenzako wawili watatu kwenye nyumba ya wageni mtagawana.

Ikitokea siku moja umekutwa na maji, usikimbilie ufuo unaouona karibu bila kujua kilicho katikati. Kama maji hayajapita mapaja na unaiona njia uliyokuja nayo, rudi nayo upesi. Yakiwa yamepita hapo na mkono mbele yako una mkondo, simama juu ya sehemu iliyoinuka zaidi, vua kitambaa upunge, piga kelele. Ghuba ile haikosi ngalawa. Begi liache liende. Mkondo ukikubeba, usipigane nao uso kwa uso. Lala chali, elea, na usogee kwa ubavu polepole. Namba ya nahodha mmoja na ya nyumba unayolala ziandike pia kwenye karatasi yako.

Kuhusu kuogelea, wapo wanaosema asiyejua asiende Mafia. Siwaungi mkono. Ndani ya ghuba, maji yakiwa yamejaa na kusimama, ukiwa na jaketi okozi na mtu karibu, utaona matumbawe na samaki kwa kuelea tu. Usichoweza kufanya ni kuingia majini peke yako wakati maji yanatoka, hasa upande wa Mlango wa Kinasi. Ghuba yote humwagika kupitia milango michache, na mkondo unaotoka pale unamshinda hata mwogeleaji hodari. Nenda na maji yanayoingia, au yaliyosimama. Na jaketi lijaribu nchi kavu kwanza: likipanda hadi masikioni ukiinuliwa mabegani, si lako.

Miguuni vaa viatu vya kufunga, hata vya raba vya bei ndogo. Kandambili zitabaki kwenye tope. Chini kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, kuna taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanaojifukia mchangani, na yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ukitembea majini buruza miguu, taa atakusikia na kuondoka. Ukichomwa na taa au na huyo samaki, ingiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, na ayapime kwanza mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi sawasawa. Usichanje, usifunge kamba. Kisha uende hospitali ukaangaliwe kidonda, miiba iliyobaki na chanjo ya pepopunda. Ukipumua kwa shida, ukaanza kuzimia, au ukichomwa kifuani au tumboni, usisubiri maji ya moto, nenda mara moja.

Nikitaja hospitali, nafika kwenye jambo la kulala Chole siku zote nane. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, kisiwa kikubwa. Kutoka Chole unavuka kwa mashua hadi Utende, kisha kuna barabara ya lami. Mchana maji yamejaa, kuvuka ni jambo dogo. Usiku wa bamvua, maji yametoka, mashua imekaa kwenye tope mbali na ufuo, utatembea gizani au utabebwa. Ndiyo maana nakuomba, kama una pumu, kifafa, au una ujauzito, uonane na daktari wako Mwanza kabla ya kuamua ulale wapi. Chandarua na dawa ya mbu usiache. Na ukipata homa, ukiwa huko au hata wiki chache baada ya kurudi, kapime malaria siku hiyo hiyo, usiseme ni jua.

Ningekuwa baba yako ningekupangia hivi. Unafika mwezi ukiwa nusu, maana yake maji mafu. Siku mbili au tatu za kwanza kaa Kilindoni. Vyumba ni nafuu, soko liko karibu, na Kilindoni haimo ndani ya Hifadhi ya Bahari, kwa hiyo hulipi kiingilio cha kila siku. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1995, ni ya kwanza ya aina yake Tanzania, na Utende, Chole, Juani na Jibondo zote zimo ndani yake. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kidogo kuliko mgeni wa nje, basi chukua kitambulisho, na risiti usiitupe. Siku za maji mafu asubuhi maji yamejaa, mikondo ni dhaifu kidogo, ndizo siku za kujifunza kuelea. Halafu hamia Chole usiku tatu au nne wakati mwezi unakaribia kuwa mpevu. Hapo ndipo kisiwa kinapojionyesha: asubuhi ghuba inabaki mafungu na vidimbwi, kina mama wanatoka na vijiti vyao, na jioni maji yanapanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko, popo wakubwa wanaokula matunda wakianza kuamka mitini. Hakuna gari Chole. Wajerumani walikuwa na makao yao pale kabla ya kuyahamishia Kilindoni mwaka 1913, walikotafuta kina kwa meli zao, na magofu yao sasa yamekumbatiwa na mizizi. Toa fedha taslimu Kilindoni kabla ya kuvuka. Ukipita kijijini vaa kanga au nguo ya kufunika mabega na magoti. Ni heshima, na utapata wa kuzungumza naye upesi.

Papa potwe, samahani. Huonekana upande wa Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi hadi wa pili au wa tatu hivi, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Mwezi wa saba ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Akitokea mtu anakuuzia safari ya kuwaona, weka fedha zako mfukoni. Badala yake uliza habari za kasa. Fukwe za mashariki ya Juani zina viota, na mwezi wa saba umo katika msimu wa watoto kuanguliwa. Walinzi wa viota wanajua kiota kipi kimekaribia, na ukibahatika utasimama kando ya mchanga uone vichwa vidogo vyeusi vikijitokeza, kisha vyote vikielekea majini kama vimeitwa.

Kusi hilo hilo litakugusa safarini. Njia ya nafuu ni basi la kutoka Mbagala hadi Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni. Mkitoka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji mtakutana na mawimbi. Panda chombo cha abiria chenye majaketi ya kutosha, kaa katikati, na kama huwa unashikwa na kichefuchefu kwenye meli za ziwani, meza dawa yake kabla hujapanda. Sikiliza tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa la usiku uliotangulia. Likionya upepo mkali na mawimbi makubwa, lala Nyamisati au Dar es Salaam. Mashua ya mizigo inayokubali kuondoka siku hiyo kwa nusu ya nauli usiipande hata kidogo. Kwa hiyo kati ya siku zako nane, hesabu saba tu za kisiwani na moja uiache tupu mwishoni, na kazini waambie utarudi siku moja baada ya ile unayotarajia.